Alama Chini ya Kikombe

Vijana wa Ruiru mnaokutana Jumamosi kusomeana hadithi fupi, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka ishirini na minane ya kusoma prufu, yaani karatasi za majaribio zinazosahihishwa kabla kitabu hakijachapwa. Wengi wenu mnaandika juu ya umaskini. Mnafanya vyema, kwa sababu mnaujua. Lakini kuujua na kuuonyesha ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ina makosa yake. Nitawaeleza kosa langu kubwa kuliko yote. Hadithi yenyewe sikuiandika mimi. Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu tu.

Msidhani nilisomea kazi hii. Shule niliiachia kidato cha pili. Niliingia katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Thika nikiwa wa kufagia na kukata karatasi. Karatasi zilizoharibika zilitupwa kwenye pipa, nami nilizibeba nyumbani za kuwashia jiko. Kabla ya kuziwasha nilizisoma. Hadithi zangu za kwanza nilizisoma hivyo, ukurasa wa tisa, kisha wa ishirini na nne, bila mwanzo wala mwisho. Kusoma kwa namna hiyo kuna faida moja. Usipojua mambo yalianzaje, unalazimika kuangalia vitu vilivyo mbele yako: nani ameshika nini, amekalia nini, amefunika nini. Baada ya muda niliweza kujua kwa ukurasa mmoja uliochanika kama watu wale wana chakula cha kesho.

Mzee Gitau, aliyekuwa msoma prufu kabla yangu, ndiye aliyenitoa kwenye pipa na kunikalisha mezani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila neno "maskini" lilipotokea katika hadithi, alilizungushia duara na kuandika pembeni: *Nani amemwona?* Mwanzoni nilidhani ni mzaha wake. Baadaye nilielewa. Alitaka ndani ya hadithi kuwe na mtu mwenye macho na sababu ya kuangalia. Mwandishi akisema tu kwamba Kimani ni maskini, hakuna aliyemwona Kimani, hata mwandishi mwenyewe.

Jambo la pili alilochoka nalo ni mabati. Sikumbuki fukara hata mmoja wa kwenye hadithi zetu ambaye bati lake halikuvuja. Mvua ilinyesha, bati likavuja, beseni likawekwa. Mzee Gitau alimuuliza kijana mmoja aliyeleta hadithi ya namna hiyo kama mafundi wote wa Thika walikuwa wamehama. Kijana akajibu kwamba kwao kweli bati linavuja. Mzee akamwambia anaamini, ila amwambie pia walihamishia wapi kitanda, na nani alilala upande wenye maji. Kijana akasema ni baba. Mzee akamrudishia karatasi zake. "Sasa hiyo ndiyo uandike."

Lakini mtahini wetu mkali alikuwa Mama Nyokabi, mshonaji wa vitabu. Alikuwa mama wa watoto watano, alikaa mtaa wa mabanda wa Kiandutu, na alikuja kazini kwa miguu akiwa amevaa slipa, viatu vyake vizuri vimo ndani ya mfuko wa nailoni. Alikunja karatasi polepole kwa sababu alikuwa akizisoma. Msimamizi alimkemea kwa hilo kila wiki, naye kila wiki aliitikia vizuri na kuendelea kusoma. Siku moja alinijia na karatasi iliyochapwa tayari, ya hadithi ya mjane asiye na kitu anayetumwa na mwandishi dukani kununua kilo ya sukari.

"Kamau, huyu mama ako na harusi?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kilo? Kwetu hiyo ni ya kuchukua ukienda kuona wakwe. Mwambie apimiwe ya chai ya leo."

Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari. Mimi ni mtu wa utaratibu, na niliandika humo kila kitu nilichosikia kutoka kwake au nilichokiona mwenyewe nikipita mitaani. Sabuni ya mche iliyokatwa vipande kwa uzi. Chupa ya soda yenye mafuta taa, imezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa. Sweta ya shule iliyonunuliwa kubwa na kukunjwa mikono, kisha ikakunjuliwa mwaka baada ya mwaka, hadi mkono mzima una mistari ya rangi, iliyofifia juu na mipya chini. Ukiiona sweta hiyo huhitaji kuambiwa mtoto yuko darasa la ngapi. Hesabu mistari.

Daftari hilo lilinisaidia sana. Pia lilinipa kiburi, kwa maana nilianza kuamini kwamba kile kisichokuwa ndani yake hakipo.

Sasa niwaeleze ya Wangari.

Wangari alikuwa mchaguzi wa njugu za makadamia katika kiwanda kimoja, kibarua wa siku, umri wake kama ishirini na tano. Kiwanda chetu kilikuwa kikitayarisha kitabu cha hadithi fupi kwa ajili ya shule, na yeye alileta moja, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari. Ilihusu mama na binti wanaoishi katika chumba kimoja cha kupanga. Kwa mkono wa binti, mama ameandikia kamati ya kanisa barua kwamba hana kitu, na kwamba binti yake amepita mtihani lakini hataweza kwenda sekondari asiposaidiwa. Kamati inasema itatuma wanawake wawili kuja kuona nyumba. Asubuhi ya siku hiyo mama anamtuma binti nje na beseni tupu. Binti anarudi na beseni limefunikwa kwa kitambaa. Wageni wanafika. Wanawekewa chai kutoka kwenye thamosi, katika vikombe vizuri, vinne, juu ya trei. Viti vina vitambaa vyeupe vya kufuma. Mmoja wa wageni anatazama huku na huku, na msomaji anaona kwamba anashangaa: huyu ndiye asiye na kitu? Chai inakwisha. Kama ilivyo desturi, yule mgeni anabeba vikombe mwenyewe hadi nje, anavisuuza, anavigeuza juu ya trei vikauke. Anasimama akiviangalia. Kisha anapangusa mikono, anarudi ndani, anatoa kalamu na kuandika jina la binti.

Hadithi inaishia hapo. Wangari hakueleza lolote. Ila alitaja, sehemu tatu tofauti, alama zilizo chini ya vikombe. Kimoja kilikuwa na nukta nyekundu. Kingine kilikuwa na nukta ya bluu. Cha tatu kilikuwa na herufi iliyokwaruzwa kwa msumari, na cha nne hakikuwa na alama yoyote.

Msoma prufu ana orodha. Kila kitu kinachotajwa katika hadithi anakiandika pamoja na ukurasa wake, ili shati la kijani la ukurasa wa pili lisigeuke jeupe ukurasa wa sita. Ni kazi nzuri, na waandishi wengi niliwaokoa nayo. Niliandika: vikombe, seti, alama nyekundu. Nilipofika kwenye bluu nikajua mwandishi amesahau. Nilipofika kwenye herufi nikamhurumia, binti wa watu amechoka na kazi ya kiwandani. Nilisawazisha vyote vinne vikawa na nukta nyekundu. Siku hizo hatukuwa na mazoea ya kumwonyesha mwandishi prufu, na mimi sikuona haja.

Forma yake ilichapwa. Forma, kwa wale ambao hamjafika kiwandani, ni karatasi moja kubwa ambayo ikikunjwa inakuwa kurasa kumi na sita. Hadithi ya Wangari ndiyo iliyoifungua.

Ilikuwa Ijumaa Mama Nyokabi alipoanza kuikunja. Baada ya muda aliniita. Aliniuliza ni nani alimpa yule mama seti ya vikombe. Nilimweleza kwamba mwandishi alichanganya alama, nami nikazirekebisha. Nilieleza kwa upole, kama mwalimu.

Alikwenda kwenye rafu tulikoweka vikombe vyetu vya chai ya saa nne, akashusha chake na kukigeuza. Chini kulikuwa na tone la rangi ya kucha, la kijani. Akashusha cha msimamizi wa mashine: herufi. Kisha akashusha changu, cha bati, nilichokuwa nimekinywea miaka tisa. Chini kilikuwa na nukta mbili nyeupe.

"Hizo ni mimi niliweka," alisema. "Mambo ya matanga na harusi. Vyombo vikienda kwa watu, vinarudi vipi bila alama?"

Nilielewa kabla hajamaliza. Kila nyumba ina alama yake. Vikombe vitatu vyenye alama tatu ni vikombe vilivyotoka nyumba tatu. Mgeni alipovigeuza aliona kwamba mama yule alikuwa na kikombe kimoja tu kilicho chake, labda kile kisicho na alama, kwa sababu asiye na vyombo vya kuazima watu hana haja ya kutia alama. Mimi nilikuwa nimeishi peke yangu na kula hotelini maisha yangu yote ya utu uzima. Sikuwahi kuazima kikombe wala kuazimwa. Haikuwa kwenye daftari langu.

Na nilichokiandika badala yake kilikuwa hiki: mama mwenye seti kamili ya vikombe vyake na thamosi yake, aliyeiambia kamati kwamba hana kitu.

Nikiri kwamba alasiri hiyo nzima nilitafuta njia ya kunyamaza. Vitabu vilitakiwa shuleni wiki iliyofuata. Nilimwambia Mama Nyokabi kwamba ni wasomaji wachache watakaoona tofauti, labda wanawake tu.

"Na ni nani huwasomea watoto?" aliniuliza, akaendelea kukunja hadithi nyingine. Ile ya Wangari aliiweka kando.

Wangari alipita Jumamosi baada ya kazi, bado amefunga kitambaa kichwani, vidole vimeingia weusi wa makadamia. Alikuwa ameomba kuona tu jinsi jina lake lilivyotokea. Nilimpa karatasi iliyokunjwa. Alisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa sita alirudi wa tatu, kisha akaenda tena wa sita. Nilianza kueleza. Aliniacha nimalize, na nilipomaliza nilijua kwamba kueleza kwangu hakukuwa na maana.

"Bwana Kamau, huyu ni mama yangu," alisema. "Hii ilifanyika."

Nikamwambia nimeelewa.

"Hujaelewa. Ameshawaita wale wamama wa Kiandutu. Wanakuja kwake shambani Gatuanyaga Jumapili ijayo wasikie ikisomwa. Ni wao walitupatia vikombe." Aliiweka karatasi juu ya meza, akaisawazisha kwa kiganja. "Umewatoa wote. Na mama umemfanya mwongo mbele yao."

Alisema angeweza kusoma kutoka kwenye karatasi zake mwenyewe, lakini mama yake alikuwa amewaahidi kitabu. Mama hakujua kusoma. Alichotaka ni kushika kitabu chenye jambo lake, na kitabu hicho sasa kilikuwa na jambo la mtu mwingine. Hakupandisha sauti. Aliniuliza kama kuna njia, nami nikamwambia nitajua Jumatatu.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenye kiwanda na kumwambia nimeharibu forma nzima. Sikutaja uchovu wa mwandishi. Alinisikiliza, akaniuliza kosa ni lipi, na nilipomweleza akasema:

"Rangi ya kikombe."

Nilimwambia ndiyo.

Alisema karatasi ya kitabu imekwisha. Mama Nyokabi alikuwa amependekeza tubandike vipande vya masahihisho, lakini mimi nilijua watoto wangevibandua siku ya kwanza. Kilichobaki ghalani ilikuwa karatasi ya gazeti, mabaki ya matangazo ya mikutano, ya kijivu na yenye kukwaruza. Mwenye kiwanda alisema nikitaka nichape forma hiyo upya kwa karatasi hiyo, nifanye baada ya saa za kazi, na shule zikilalamika jina litakalotajwa ni langu. Nilikubali. Mpiga mashine alinisaidia kwa sababu Mama Nyokabi alimwamuru. Tulichapa jioni tatu. Safari hii nilimpelekea Wangari prufu kwenye geti la kiwanda chao wakati wa chakula cha mchana, akaisoma ameketi juu ya jiwe na kutia sahihi kila ukurasa bila mimi kumwomba.

Shule zililalamika. Mwalimu mkuu mmoja alirudisha katoni nzima akidhani ni vitabu bandia, kwa sababu kurasa kumi na sita za katikati zilikuwa za rangi nyingine. Nilipata barua ya onyo, na ninayo hadi leo ndani ya daftari.

Nilikwenda Gatuanyaga Jumapili ile. Sikualikwa, nilijialika. Nilifika kwa pikipiki nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama yake Wangari alikuwa amehamia huko kwenye kipande cha shamba, ana mbuzi watatu na mti wa mkungu wenye kivuli kidogo. Wanawake wa Kiandutu walikuwa wameketi kwenye benchi la kanisa lililobebwa hadi uani, sita au saba, wamevaa nguo za ibada. Wangari alinijulisha kama mtu wa kitabu, hakuongeza kitu. Nilimwomba mama yake msamaha kwa Kikuyu, kwa ufupi, nikamwambia nilikuwa nimekosea jambo lake kisha nikalirekebisha. Alinitazama, akasema nikae, jua ni kali.

Wangari alisoma kwa Kiswahili, na mahali pengine akatafsiri. Hakuna aliyecheka, hata pale mgeni anaposhangaa vitambaa vya viti. Alipofika kwenye vikombe, alisoma polepole zaidi. Nyekundu. Bluu. Herufi.

Mwanamke mmoja mzee mwishoni mwa benchi alisafisha koo. "Hiyo ya bluu ni yangu," alisema. "Lakini haikuwa bluu. Ilikuwa kijani."

"Ilikuwa bluu, Mama Wairimu," mwingine akamjibu. "Kijani ulianza juzi, rangi ilipoisha."

"Nakwambia ilikuwa kijani. Naijua kikombe yangu."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni kushika kalamu. Ni mazoea. Nilimgeukia mwenye jambo, nikamuuliza ilikuwa rangi gani.

Mama yake Wangari alifikiri. Alisema hakumbuki. Alisema siku ile alikuwa akiomba tu visivunjike.

Nikaiacha kalamu mfukoni. Vijana, hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho daftari langu halikuwa nacho, nami nakisema mara moja tu. Nilikuwa nimekusanya sabuni, chupa na sweta kana kwamba umaskini ni vitu vilivyopungua ndani ya nyumba. Mama yule siku ile chumba chake kilikuwa kimejaa. Mkitaka kumwonyesha mtu wa namna hiyo, tafuteni anachojitahidi kisionekane na mgeni, halafu mpeni mgeni sababu ya kukiona. Msieleze. Na mkimaliza, mpeni asome mtu aliyewahi kuazima.

Wanawake walikunywa chai, wakala viazi, wakaanza kuzungumzia mambo ya chama chao. Mama yake Wangari alimwomba binti yake kitabu. Alikishika kikiwa kimefungwa, akakipima uzito, akapangusa jalada kwa upindo wa leso ingawa halikuwa na vumbi. Kisha akakifungua na kuanza kupitisha kidole gumba kwenye kingo za kurasa, moja moja, macho yake yakiwa kwa wageni. Karatasi nyeupe zilikuwa laini na ziliteleza. Nilimwona anavyoendelea bila haraka mpaka kidole kikafika kwenye ile ya kijivu, yenye kukwaruza. Kikasimama.

Alirudi nyuma kidogo, akaenda mbele, akahakikisha.

"Ni hapa," aliniambia.

Nikamwambia ni hapo.